Mai-Mai Wasiobeba Hata Bidon Moja

Uvumi ule Kavugho aliukuta kwenye bomba la maji, kule Vulamba, mjini Butembo, akarudi nao nyumbani pamoja na ndoo yake. Mwanamke mmoja alisema bila kumtazama mtu:

"Mais ninyi, Mai-Mai gani banachoma camion ya mawese na hapana kubeba hata bidon moya? Kwabo hawakulake mafuta?"

Wanawake wakacheka, maana Mai-Mai, waasi wale wa msituni, hawakuacha kitu nyuma. Kavugho naye akacheka, kisha akajitwika ndoo yake upesi. Maana camion ile, lori la mizigo, ilikuwa ya Fadhili, mfanyabiashara Mwislamu wa Beni, na dereva wake alikuwa Lusenge, mtoto wa tumbo lake mwenyewe.

"Na leo njo banamuhukumu ule mulimaji," yule mwanamke akaongeza. "Mungu amusaidie. Ile tribunal ya basoda haichezake."

Kavugho alitaka kulitupa njiani neno lile la dumu la mafuta. Halikutupika. Kila hatua lilimgonga: hata bidon moya, hata bidon moya.

Habari yenyewe kila mtu aliijua. Lusenge alikuwa ametoka Mabalako na mapipa ya mawese. Asubuhi moja ya baridi, kwenye mpando kabla ya kufika Butembo, gari likaungua lote. Lusenge alikuja mbio akipiga kelele: "Mai-Mai! Mai-Mai banachoma gari!" Wakati ule wa vita kila kilima kilikuwa na mwenye bunduki wake, basi nani angeuliza mara mbili? Vita ilikuwa mfuko mkubwa. Mtu akikosea, alitumbukiza kosa lake ndani na kufunga kamba. Askari waliingia mashambani kando ya barabara wakamkamata Ézéchias, mlimaji wa maharagwe, kwa sababu alikuwa na panga mkononi. Mtu anakwenda shambani, ashike nini, rozari? Wakampeleka Beni, kwenye mahakama ya kijeshi. Na Mai-Mai akihukumiwa Beni, alifungwa kwenye mti na kupigwa risasi.

Kavugho alimkuta Lusenge nyuma ya nyumba anakula mihogo.

"Lusenge, bale Mai-Mai balikuwa bangapi?"

"Mama, tena?"

"Balikuwa bangapi?"

"Sikuhesabu. Kumi. Ishirini."

"Na bote ishirini baliogopa mafuta?"

Lusenge aliweka mhogo chini. "Mama, ile mambo nilishaimaliza na Mungu. Nilienda kwa padri, nikaungama."

Kavugho alikaa juu ya kinu kama aliyesukumwa. "Donc iko mambo."

Ndipo ikatoka yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Mawese yalikuwa yameganda kwa baridi, magumu kama mshumaa. Lusenge alitaka kuchota bidon mbili awauzie wanawake wa njiani, kama madereva wengi wafanyavyo, mwenye mali asijue. Akawasha mbabula, lile jiko dogo la makaa, akaiweka karibu na pipa ili mafuta yalainike. Pipa lilikuwa linavuja. Moto ukapanda kabla hajageuka.

"Na padri alikuambia nini?"

"Nisali rozari."

"Rozari tu?"

"Rozari... na niende kumutoa ule mutu."

"Na weye ulifanya nini?"

"Nilisali rozari."

"Eh, Lusenge! Ni Mungu njo banafunga kule Beni? Vaa viatu!"

Walipata nafasi juu ya camionnette iliyobeba magunia ya viazi. Barabara ilikuwa inaruka, wao wanaruka, na moyo wa Kavugho unaruka kuwapita wote. Kila gari lililotokea mbele alidhani linaleta habari kwamba mambo yamekwisha. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari aliinua bunduki.

"Mama, ozokende wapi?"

"Beni. Ninapeleka mutoto wangu kwa kufungwa."

Askari alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Bengine banaficha batoto, weye unapeleka! Fungueni! Huyu mama apite, asichelewe!"

Tribunal ilikuwa inakaa katika ukumbi mmoja mjini Beni, watu wamejaa mpaka madirishani. Ézéchias alisimama mbele, miguu mitupu, midomo imepasuka. Mke wake Kaswera alikuwa ameketi chini na mtoto mgongoni. Fadhili alikaa upande wa walioshitaki, amevaa kofia yake nyeupe. Hakimu alikuwa anajiandaa kusoma hukumu. Kavugho alisahau adabu.

"Bwana juge, ngoja! Huyu mutu hana kosa!"

"Mama, ulikuwa pale gari ilipoungua?"

"Hapana, mais..."

"Uliona na macho yako?"

"Hapana."

"Basi ikaa chini. Hapa hatufunguake mutu na maneno ya kusikia."

Kavugho aligeuka amsukume Lusenge mbele. Pembeni yake hapakuwa na mtu! Alimwona kwa nje, karibu na lango, mguu mmoja umeshakanyaga barabara. Kelele ilimfika kwenye meno, akaimeza. Akiita, askari watamkamata. Na mtu aliyekamatwa si sawa na mtu aliyekuja mwenyewe. Akatoka mbio mpaka langoni. Hakumshika hata shati.

"Papa," alimwambia, kama mama amwitavyo mwanawe, akihema, "njia iko wazi. Mimi ninarudia mule ndani. Nitasimama karibu na mama Kaswera, ili akianguka apate mutu wa kumubeba."

Akarudi ndani bila kutazama nyuma. Akasimama karibu na Kaswera. Hakimu akainua karatasi, akakohoa, akaanza: "Kwa jina la..."

"Hakukuwa Mai-Mai!"

Ukumbi wote uligeuka. Lusenge alikuwa mlangoni.

"Weye nani?"

"Dereva. Ni mimi nilichoma gari. Nilikuwa ninaiba mafuta ya patron, nikaweka mbabula karibu na pipa."

Askari wakamzunguka. Watu walipanda juu ya mabenchi ili waone. Hakimu akapiga meza. "Huyu mushitakiwa ni ndugu yako? Balikulipa kwa kumuokoa?"

"Hata jina yake nilisikia tu kwa batu."

Fadhili alisimama, mkono kichwani. "Mbabula! Bwana juge, ile mbabula mimi nilikuta chini ya gari, ilikuwa imepindika na moto. Nikasema, hawa Mai-Mai bana roho ngumu! Katikati ya vita banapika chai!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata askari mmoja aliziba mdomo. Lakini Fadhili hakucheka. Alimsogelea dereva wake. "Ungeniomba, Lusenge. Bidon mbili, ungeniomba tu." Kicheko kikaisha.

Kabla jioni haijaingia, Ézéchias alifunguliwa kamba na Lusenge akafungwa. Walipishana mlangoni. Watu walijitenga, wakingojea kofi. Ézéchias alimsogelea kijana.

"Mule ndani," akasema, "ulale upande wa dirisha. Kule kwengine maji inaingia."

Kaswera alipiga kigelegele. Na Kavugho, ambaye mwanawe alikuwa anapelekwa gerezani mbele ya macho yake, alijikuta anakipokea kigelegele kile kwa nguvu zake zote, machozi yakimwingia mdomoni. Mtoto atakula miaka kule, ndiyo. Lakini hakuna mtu atakayefungwa kwenye mti kwa ajili yake.

Basi, wamama wenzangu na vijana wetu, epukeni haya:

Kuweka moto karibu na mapipa ya mawese. Yakiganda, ngojeni jua.

Kugusa mzigo wa mwenye gari bila kumwomba.

Kusema "Mai-Mai" pale ambapo hamkuona mtu.

Kumwona mwizi au muasi katika kila mlimaji mwenye panga.

Kukubali rozari ya padri na kuacha ile kazi nyingine aliyowapa.

Kumficha mtoto wakati mtoto wa mwenzenu anateseka mahali pake.

Kungojea mpaka hakimu ainue karatasi.