Kipande cha Tatu

Mume wangu Emilian aliondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na kipande cha tatu cha kitabu kilikuwa kwenye mkoba wake pamoja na kamba, kisu na chupa ya chai. Nilimwambia asikiache kikashika asali, kwa sababu Scola alikuwa anakisubiri.

"Scola atangoja," alisema. "Nimemwacha Sudi amesimama mlangoni."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nayaandika yalivyokuwa, maana watu wakiniuliza huwa natamani kusema alisema kitu kingine.

Mchana wa siku ile Mughwai, mwenzake wa mizinga, alirudi na pikipiki peke yake. Nilikuwa nashona sketi za shule. Alisimama nje, hakupiga hodi. Akaniambia Emilian alikuwa amepanda mti kutundika mzinga, tawi likakatika. Nilimsikia vizuri. Nikamaliza pindo lililokuwa kwenye cherehani, nikakata uzi, ndipo nikasimama. Sijui kwa nini nilimaliza.

Kitabu kilikuwa cha Selina, anayeuza asali pale stesheni ya Itigi. Abiria alikisahau kwenye benchi. Kilikuwa kinene, hakina jalada, kwa hiyo mpaka leo hatujui kinaitwaje wala nani alikiandika. Wanawake wa kukisoma tulikuwa wanne na kitabu kimoja. Selina akakikata vipande vinne kwa kisu cha masega, akaniletea nivishone, kila kimoja na jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Kila mtu anakaa na kipande wiki moja, Jumatano anampa anayemfuata. Selina kwanza, kisha mimi, kisha Scola, kisha Klara. Sheria ni moja: aliyetangulia hasemi.

Nilikosea kushona. Sindano niliipitisha ndani sana, maneno ya pembeni yakamezwa na uzi. Scola hajanisamehe kwa maneno ya Raya, mke wa hadithini. "Mama Faith," husema, "umemshona Raya mdomo."

Zamu ilikuwa yangu kwa jina tu. Msomaji alikuwa Emilian. Alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani baada ya kula chakula chake cha mchana, akanisomea kwa sauti. Wanaume wa stesheni walijua.

"Emilian, jini wako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Anasema uoge."

Mimi sikuzipenda hadithi hizo za majini, na sikuweza kuziacha. Mapenzi niliyataka. Mtu kumpenda mtu, wakagombana, wakapatana, hayo nayajua. Lakini jini likishaingia hakuna anayewajibika tena. Mume akikosa, ni jini. Mke akiugua, ni jini. Hata kufa hawafi sawasawa. Nilimwambia Emilian huo ni uongo wa watu wa Tanga, na huku nimepunguza mwendo wa cherehani ili nisikie.

Katika kitabu, Sudi alimwoa Raya. Mwisho wa kipande cha pili Raya akafa. Katika cha tatu, siku ya arobaini, mtu akabisha hodi kwa sauti ya Raya, na Sudi akasimama mlangoni hajui kama ni mkewe au ni jini lenye sura yake. Hapo ndipo tulipofika.

Kitu kimoja nilikipenda waziwazi. Kila Sudi alipofika nyumbani, kabla ya jambo lolote, alimuuliza mkewe, "Umekula?" Nilimwambia Emilian kwamba huyo Sudi ndiye pekee mwenye akili humo ndani.

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema, akafunua ukurasa.

Mkoba ulirudi. Niliutundika kwenye msumari, sikuufungua. Scola alikuja msibani, akapika, akaosha vyombo, wala hakutaja kitabu. Binti yetu Faith alikaa nami wiki mbili, akarudi shuleni Kiomboi. Nilishona. Watu waliniletea ugali wa uwele na mlenda, nikafunika sahani, jioni nikawapa kuku.

Siku ya arobaini, baada ya misa, watu walipoondoka, nilikaa nikiutazama mlango. Ilikuwa mchana, jua kali. Sikuwa nategemea kitu. Ila sikuufunga. Selina alirudi kuchukua sufuria yake, akanikuta hivyo.

"Mama Faith, kuna mgeni unamsubiri?"

"Hapana."

Akakaa chini, sufuria mapajani. Nikamuuliza, "Aliyebisha kwa Sudi, ni yeye?"

Selina aliufuta mdomo wa sufuria kwa kanga. "Sheria tuliiweka wenyewe. Lakini ukitaka, wewe nitakuambia."

"Usiniambie."

"Basi soma. Au nipe nimpelekee Scola. Ameanza kujitungia mwisho wake mwenyewe, na ni mbaya kuliko wa kitabu."

Nilikaribia kucheka. Nilimwambia anipe mpaka Jumatano. Ninachokumbuka ni kwamba nilitaka jibu lile kuliko nilivyotaka kulala. Kama Raya amerudi, nilijua nitaendelea kuacha mlango wazi, mimi niliyeyaita mambo hayo uongo.

Asubuhi nilifungua mkoba. Kipande kilikuwa na nta pembeni. Katikati Emilian alikuwa ameweka unyasi mkavu, alama yake. Nilianza mwanzo, kwa mdomo wangu, taratibu. Mwandishi anarudisha nyuma hadithi, anaeleza Sudi na Raya walivyoishi. Sudi anafika nyumbani. Haulizi kitu. Nikadhani neno limemezwa na uzi, kwa makosa yangu. Nikachukua wembe, nikafumua mshono wote. Chini ya uzi kulikuwa na "malaika wangu" na "waridi la moyo wangu". Nikatafuta kila mahali Sudi alipoingia nyumbani. Waridi, malaika, waridi.

Nilivaa kanga nikaenda kwa Scola. Alikuwa anapepeta uwele.

"Umeniletea?" akauliza, akajishika mdomo. "Nisamehe, dada. Karibu."

"Bado. Nina swali. Sudi akifika nyumbani, humuuliza nini Raya?"

"Kumuuliza? Yule haulizi, anasifu tu. Ndiyo maana mke alikonda mbele ya macho yake asijue."

"Hajawahi kumuuliza kama amekula?"

"Wapi! Vipande viwili vyote? Ningekumbuka, dada. Ningemtafuta nimwoe mimi."

Akacheka, kisha akaniangalia, akaacha kucheka. Nikamwambia nashukuru, atapata kipande chake Jumatano.

Nilirudi nikakaa kwenye kigoda cha Emilian. Niliwaza michana ile yote, wiki zile, nami nimeinama kwenye cherehani, sahani yangu imefunikwa pembeni haijaguswa, na yeye anasoma, "Umekula?" mahali palipoandikwa waridi. Wakati mwingine nilikuwa nikisimama hapo hapo na kwenda kula. Nilidhani ni njaa.

Nikapita unyasi, nikasoma mpaka mwisho. Lilikuwa jini. Sudi alilijua kwa harufu ya udi, akalifungulia mlango hata hivyo. Jini lilimwambia maneno yale yale aliyozoea kumwambia Raya, waridi na malaika, na Sudi akaona yanatosha. Nilitegemea nitakasirika au nitalia. Nilikaa tu. Honi ya treni ililia stesheni, mbuzi wa jirani wakapita. Kisha nikainuka nikafunga mlango, kwa sababu vumbi lilikuwa linaingia kwenye vitambaa.

Nilikishona upya kile kipande, safari hii pembeni kabisa, maneno yote yanasomeka. Unyasi niliutoa, nimeuweka kwenye kopo la vifungo.

Kipande cha tatu kiko kwa Scola. Cha nne alikileta Selina Jumatano, kiko juu ya cherehani. Saa saba nasimamisha kazi, nafunua sahani, nakula.