Vidonge vya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikonda hadi akawa anazipunguza suruali zake mwenyewe, mlango umefungwa, wateja wasimwone. Miaka miwili tumbo lilimwendesha na viungo vikamuuma, mara goti, mara kiwiko. Watu walishamzika kwa midomo. Hatimaye daktari mmoja, mama mtu mzima, akachukua kipande kidogo cha nyama ya utumbo kikapimwa. Jibu likaja: bakteria wa nadra, wameenea mwili mzima.

"Hawa ni wakaidi," alimwambia. "Sindano wiki mbili, kisha vidonge asubuhi na jioni, mwaka mzima. Ukijiona umepona, usiache."

Mwezi wa tatu wa dawa fundi alishakuwa mtu tena. Anakula, anawatania wateja. Ndipo mteja mmoja, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, akaliona boksi la dawa kando ya cherehani.

"Kumbe na wewe unatumia hizi? Wifi yangu mwenye virusi vya Ukimwi ndizo anazopewa. Pole, fundi."

Angeweza kumweleza kwamba dawa ni moja, maradhi mbalimbali. Badala yake akainamia mshono. Yule mteja alipotoka tu, boksi likazamishwa chini ya gunia la mabaki ya vitambaa. Dawa za miezi iliyofuata zikapita njia hiyohiyo.

"Baba, umemeza?" mkewe alikuwa akimuuliza.

"Nimemeza, mama."

Uongo wa kwanza ulimkwama kooni. Wa kumi uliteleza wenyewe.

Mwezi wa saba homa ikarudi, magoti yakavimba. Wakaenda wote wawili kwa daktari, naye akasoma majibu, akakunja uso.

"Umekosa dozi?"

Fundi hajafungua mdomo, mkewe akadakia. "Huyu? Hata siku moja! Namuuliza asubuhi, namuuliza jioni. Naapa kwa wanangu, daktari."

Fundi akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake.

"Basi dawa imeshindwa," daktari akasema, huku anaandika. "Tutabadilisha. Hizi nyingine zinaweza kudhuru macho, lakini hatuna namna."

"Macho?" Mkewe akaanza kulia. "Atatungaje uzi? Na amefanya yote mliyomwambia!"

Fundi akainua kichwa. "Dawa haijashindwa," akasema. "Sijameza tangu mwezi wa tatu. Niliona haya. Watu wangedhani..."

"Mficha maradhi," daktari akaanza, kisha akauacha msemo hapohapo. Hakumfokea; angemfokea, ingekuwa nafuu. Akachana karatasi aliyokuwa akiandika. Wangeanza upya, sindano kwanza, kisha mwaka mzima tangu siku ya kwanza.

Mkewe alikuwa ameshatoka. Fundi alimkuta kwenye benchi la nje.

"Umeniacha niape kwa wanangu," akasema bila kumtazama. "Watu wa dukani umewaonea haya. Mimi je?"

"Nisamehe, mama."

"Leo? Ngoja nipoe kwanza."

Fundi akalazwa. Mkewe alimletea chakula kila siku, akazungumza zaidi na muuguzi kuliko na yeye. Siku ya tano mgonjwa wa kitanda cha pili alitoa mzaha, mkewe akacheka kwa sauti, na fundi akageukia ukutani. Aliona hana haki ya kukishiriki kicheko kile.

Alimaliza mwaka, kidonge kwa kidonge, akapona. Mkewe alikuwa amemsamehe zamani, siku moja wakikunja nguo. "Yameisha, baba," alimwambia. Fundi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja shati lilelile mara tatu.