Kofia za Macho Kisogoni

Kila msimu, Glenys Pascoe hufundisha watoto wadogo wa hapa Yackandandah, mji wetu mdogo wa Australia, sanaa na kazi za mikono, katika ukumbi wa zamani ulio nyuma ya duka la mikate. Majani yakipukutika, wanayabandika kwenye karatasi. Baridi ikiingia, wanatengeneza taa. Mwaka jana, majira ya kuchipua, alikuwa amepanga vipepeo, nami nilikuwa msaidizi wake wa kukata karatasi na kupangusa gundi.

Asubuhi ya kwanza tuliandaa meza tukasubiri. Hakuingia mtu. Nilipochungulia dirishani nikaona magari yamejipanga, watoto wamo ndani, vioo vimepandishwa. Magpai alikuwa amehamia kwenye mkalitusi wa langoni. Ndege huyo mweusi mwenye mabaka meupe, akishakuwa na kiota, hataki kuona kichwa cha mtu kikipita chini yake. Tayari alikuwa amemgonga baba mmoja kisogoni mpaka kahawa ikamwagika.

Merv, mtunza ukumbi, aliingia mbio kwa mlango wa jikoni, sufuria kichwani.

"Glenys, funga shughuli mama. Yule bwana leo kaamka vibaya."

"Na hiyo sufuria?"

"Hii si sufuria. Hii ni akili."

Glenys alimtazama, akaitazama ile sufuria, kisha macho yakamng'aa. Namjua. Akiwa na sura ile, hakuna atakayekaa kitako.

"Merv, ndoo tupu za aiskrimu bado ziko stoo?"

"Tele. Za nini?"

"Zilete zote. Vipepeo basi."

Tukawapitisha watoto mlango wa jikoni, mmoja mmoja, chini ya mwavuli. Glenys akawaeleza kwamba magpai huvamia kwa nyuma, na ukimkodolea macho husita. Kwa hiyo kila mtu atageuza ndoo kuwa kofia na kuichora macho ya kisogoni. Dakika hiyohiyo ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Walichora macho mekundu, macho ya paka, macho yenye kope za majani ya mkalitusi. Mmoja alichora jicho moja tu, kubwa kama sahani, akasema lingine limelala.

Odette peke yake alibaki chini ya meza. Ana miaka mitano, na wiki iliyotangulia ndege huyohuyo alikuwa amemparura sikio. Glenys alipiga magoti akaingia naye humo chini.

"Mimi sitoki nje," Odette alisema.

"Sawa. Lakini kofia utatengeneza?"

"Kama ina nywele. Nyingi. Ili anione mimi ni mtu mkubwa."

Akapewa kapu zima la nyuzi za sufu. Alibandika nyekundu, akabandika manjano, akaendelea kubandika mpaka ndoo haikuonekana tena. Alipoivaa alijitazama kwenye kioo cha dirisha kwa muda, kisha akaja kunishika mkono.

Tukatoka kwa mlango wa mbele, msafara mzima, Merv akitangulia na sufuria yake. Wazazi walishusha vioo. Yule magpai, dume, lilikuwa juu ya waya wa umeme, likatuinamia. Nilisahau kwamba mimi ni mtu mzima, nikajikunyata. Lilishuka kwa kasi, likafika karibu na yale macho yote, likapinda ghafla na kurudi juu. Watoto walipiga mayowe ya furaha.

"Limeogopa jicho langu," alisema yule wa jicho moja.

Tulikuwa bado tunaliangalia dume nilipohisi mkono wa Odette ukinibana. Jike la yule magpai lilikuwa limetua juu ya kofia yake. Lilikuja kimya, hakuna aliyeliona. Niliinua mkono nilifukuze.

"Usiliguse," Odette alininong'oneza. "Linachagua."

Alisimama kama nguzo, midomo ikimtetemeka. Sijui kama ilikuwa hofu au kicheko. Jike lilivuta uzi mwekundu, likauacha, likang'oa wa manjano, likang'ang'ana nao mpaka ukachomoka, halafu likaruka nao moja kwa moja hadi kiotani. Tuliuona uzi ukining'inia kati ya majani, kisha ukavutwa ndani.

"Jamani," Merv alisema, akavua sufuria bila kujijua.

Odette akageukia gari la baba yake. "Baba, umeona? Nyumba yao ina nywele zangu."

Kesho yake watoto walifika kabla hatujafungua mlango, kofia vichwani, kila mmoja na nywele za sufu za rangi yake. Wawili wakaanza kugombana jike litapenda kofia ya nani, na Odette, aliyekaa katikati ya meza, ndiye aliyewaamua.

"Msipige kelele," aliwaambia. "Halafu msimame wima. Nitawaonyesha."