Uzi wa Kioo na Kahawa Kavu

Katika pango chini kabisa ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kiliishi kigunduzi cha chembe ndogo kuliko atomu, mtambo mkubwa kama jumba la ghorofa na wenye deko za mtoto wa pekee. Ulipenda baridi kali, ila unyevu hata kidogo haukuutaka. Unyevu ungeganda juu ya nyaya zake na kuziua.

Asubuhi hiyo Ersilia Zollo, mhandisi kutoka Benevento, alikuwa akizitetea nyuzi zake. Zilikuwa nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ambazo hupima unyevu kwa mwanga unaopita ndani yake. Zilisema kona moja ina unyevu. Vipimo vya umeme, wazee waheshimiwa wa mtambo, vilisema sifuri.

"Vyangu vyote vinakubaliana," alisema Ammann, mkuu wa upoozaji. "Mchana napoza. Na hizo nyuzi zako zinang'olewa."

"Hata makaburini watu hawabishani, bosi," alijibu Ersilia. "Vipimo vyako vimeuawa na mionzi. Kipimo kikifa kinasoma sifuri, nanyi mnasifu ukavu."

Ottavio, fundi wa kwao Ersilia, alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Thibitisha," alisema Ammann, "au niache nifanye kazi."

Sheria ilikataza vinywaji pangoni, lakini kwa sababu zisizojulikana haikuwahi kumfikia mtu yeyote wa Campania, mkoa wa kwao Ersilia na Ottavio. Ottavio akaichomoa chupa ya kahawa katikati ya bisibisi zake, taratibu, kama padri ainuaye kikombe, akaifungua. Ersilia akachopoa kipimo cha umeme cha ukingoni mwa mtambo, waya wake ungali umeunganishwa, akakining'iniza juu ya mvuke.

Sifuri.

Ammann aliinama kutazama. Miwani yake ikaingia ukungu. Bado sifuri.

"Kahawa kavu hiyo, bosi," alisema Ottavio. "Unaweza kuifungia kwenye karatasi ukapeleka nyumbani."

Ersilia akausogeza uzi wa akiba kwenye mvuke ule ule. Namba kwenye skrini ikapanda mbio hadi asilimia tisini na sita.

Wakafungua kona. Bomba la hewa kavu lilikuwa limechomoka, na matone yalining'inia kwenye nyaya yakisubiri baridi. Ammann akachukua kipaza sauti.

"Upoozaji usimame. Kuanzia leo tunafuata nyuzi za Zollo."

"Rudia, bosi," alisema Ersilia. "Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Hakikuwa kimezimwa. Pango zima lilisikia mara mbili, likapiga makofi mara mbili.