Misumari Kumi na Minne

Kwenye msiba wa mumewe, mbele za watu, wifi alimnyooshea kidole Mama Pasi. "Huyu kammaliza kaka yangu kwa mdomo wake!"

Mama Pasi, dobi mwenye miaka sitini na minane na ulimi usiokosa jibu, siku hiyo alijibu kwa mikono. Alisubiri watu watawanyike, akachukua mbao na nyundo, akalipigilia dirisha la chumba chake cha kupigia pasi, maana lilitazamana na mlango wa wifi. Misumari kumi na minne. Aliihesabu kwa raha, kisha akarudi kwenye jiko lake la mkaa na pasi zake mbili.

Mwezi haukuisha, kichwa kikaanza kumzunguka. Vidole vikafa ganzi. Suruali za mwalimu akampa fundi magari, na alipoambiwa amekosea alitaka kupigana. Majirani wakanong'ona kwamba uzee umempanda kichwani. Uzee gani? Yeye alijua ni wifi, kamtilia kitu kwenye mtungi wa uani. Akaacha kunywa maji yale, akaziba hata ufa wa chini ya mlango kwa tambara. Na kila adhuhuri, akimaliza kufua, alimwaga maji ya povu mlangoni kwa wifi, taratibu, asibakize hata tone.

Kwenye zahanati, daktari alimpima shinikizo la damu, sukari na upungufu wa damu. Akamwambia anyanyue mikono yote miwili, kisha atabasamu, aone kama uso umepinda.

"Bibi, dalili za kiharusi sizioni. Siku gani unapata nafuu?"

"Jumapili. Sipigi pasi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mkaa wa pasi unawaka humo humo chumbani? Mkaa hutoa hewa mbaya isiyo na harufu. Inalevya, kisha inaua. Chumba kina dirisha?"

"Lipo," alijibu Mama Pasi.

Njiani alielewa yote. Wifi hakumtilia chochote. Lakini msumari wa kwanza ungeng'oka, wifi angesikia, na angecheka.

"Bora nife," alisema kwa sauti, "kuliko yule anicheke."

Jumatatu akaloweka nguo za kufua, akajifungia na mashuka ya nyumba ya wageni ayanyooshe kwanza. Karibu na adhuhuri, akiwa kwenye shuka la nne, miguu ikamwishia nguvu.

Alizinduka uani, kichwa kikiwa mapajani mwa mtu. Ni wifi, anatweta, shoka pembeni, mbao za dirisha vipande vipande.

"Ungeniacha nife."

"Thubutu! Ufe, halafu mimi nigombane na nani?"

"Ulijuaje?"

"Adhuhuri imepita, hujanimwagia maji. Nikasema, huyu hana kawaida ya kunisahau."

Wifi akazitia zile mbao jikoni, akachemshia chai, akamletea kikombe. Mama Pasi akakikodolea macho.

"Kunywa. Ningetaka ufe, ningekuacha mle ndani."

Akanywa yote, machozi ya hasira yakimtiririka, maana sasa kila pumzi aliyovuta alikuwa amepewa na yule mwanamke. Adhabu ya kuzidi hiyo wifi asingeipata popote.

Kesho yake adhuhuri wifi alitoka, akasimama mlangoni mwake, mikono kiunoni, akingoja. Maji ya povu yalimwagika pale pale kama kawaida. Safari hii yalipitia dirishani.