Gari la Nusu Bei

Mtaani walimwita Mkono wa Birika, na yeye hakukasirika. Alisema heri birika, angalau halikauki. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, na katika kukodi magari alijiona mwalimu. Usikodi kwenye vituo vya wageni. Piga picha kila mchubuko kabla hujawasha. Jaza mafuta mwenyewe kabla ya kurudisha. Na kubwa kuliko yote: uani kwa Mama Magari, alikozoea kukodi, siku ya kukodi huanza saa kumi na mbili asubuhi. Ukichukua gari kabla ya hapo, hata kwa dakika kumi, umelipa siku mbili.

Safari hii alikwenda kwa binti yake wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali. Tangu walipomzika mama mtu, mwaka jana, hawakuwa wamesemezana. Sasa binti alikuwa na mtoto wa miezi minne, akaleta ujumbe: "Baba, njoo umwone mjukuu wako. Lakini njoo na ukweli wa siku ile. Ukija na ule wa zamani, usishuke garini."

"Lipo moja la nusu bei," Mama Magari alimwambia, akisukuma funguo mezani kwa kidole kimoja. "Lile jeupe."

"Lina ugonjwa gani?"

"Kelele. Kengele ya mkanda inalia kwa kiti cha mbele cha abiria, na hakuna aliyekaa. Mafundi watatu wameshindwa. Wateja wanalirudisha hata mchana haujafika."

"Kelele haipunguzi mwendo. Nipe."

"Fundi, wewe ukiuziwa jeneza nusu bei utajilaza upime."

"Limeanza lini kulia?"

Mama Magari akamtazama. "Tangu ulipolirudisha wewe, mwaka jana."

Alilichukua. Kiti ni kazi yake, kiti kingemshindaje? Palepale uani akakifungua, akainua sponji, akakitoa kihisi kinachopima uzito wa abiria, akakikata waya. Akawasha gari. Kengele ikalia, taratibu, kama mtu anayegonga kwa kucha.

Akapitisha kiganja juu ya sponji, na hapo mkono ukasita. Sponji husema. Mtu akikaa juu yake siku nyingi, humsimulia. Hii ilikuwa imedidimia upande wa kushoto tu, kama aliyekaa hapo alikuwa akiuonea huruma mguu wa kulia. Mkewe nyonga ya kulia ilimsumbua miaka kumi na mmoja. Lakini mkewe alikalia kiti hiki mara moja tu, tena kwa dakika ishirini.

Akarudisha kitambaa, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga. Kengele ikanyamaza.

Akaendesha. Jua lilikuwa kali na barabara nyeupe. Mwanzo alijisemea ni umeme tu, nyaya zina vichaa vyake. Kilima cha kwanza kilipomalizika akajikuta amepunguza mwendo kwenye mashimo, kama alivyokuwa akipunguza kwa ajili ya ile nyonga. Kwenye kituo cha mafuta kijana wa pampu akachungulia ndani, akasema, "Shikamoo, mama," kisha akageuka haraka na kushughulika na mpira wa mafuta. Fundi hakumuuliza kitu. Alilipa bila kuomba apunguziwe, na hilo lenyewe lilimtisha.

Alasiri akafika. Binti alikuwa kizingitini, mtoto begani. Hakumsogelea. Fundi akateremsha kioo, mikono ikabaki kwenye usukani.

"Nilisema magari yote yalikuwa yametoka," akasema. "Hayakuwa yametoka. Yalikuwepo manne."

Binti akamhamishia mtoto bega la pili.

"Mama yako alizidiwa saa kumi na nusu alfajiri. Siku ya kukodi inaanza saa kumi na mbili. Nikasema, nilipe siku mbili kwa ajili ya saa moja na nusu? Nikangoja. Daktari akasema tungefika mapema kwa saa moja tu, angepona."

"Mama alijua?"

Hilo hakuwa amelipanga. Njia nzima alipanga maneno, hili halikuwemo.

"Aliniuliza mara mbili kama gari limepatikana. Nikamwambia liko njiani. Akasema, 'Basi usiwasumbue watu wa watu, mume wangu. Nitavumilia.'"

Binti akashuka ngazi. Akapita mbele ya gari, akafungua mlango wa abiria, akaufungua mkanda kwa mkono mmoja. Kengele haikulia. Akasimama hapo muda ule ambao mtu mwenye nyonga mbovu huchukua kushuka, ameinama kidogo, kiwiko amekitoa kishikwe.

"Karibu, Mama," akasema. "Pole na safari."

Akatembea polepole kurudi nyumbani, kiwiko kimekunjwa vilevile. Hakumtazama baba yake. Mlango wa nyumba aliuacha wazi nusu.

Fundi akashuka, akasogea mpaka kizingitini, kofia mkononi. Ndani mtoto alikuwa akicheka, kama anayechezeshwa na bibi yake.

"Hodi," akasema.

Akaigeuza kofia mkononi, akabisha tena.

"Hodi."

Mtu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka. Akasimama pale na ya tatu mdomoni, jua likimchoma kisogo, akiogopa kuitoa.