Dawa Hupanda Peke Yake

Kijijini kule juu, chumvi haikuwahi kufika kwa miguu. Sabuni, mafuta ya taa, betri, misumari, hata chaki za shule, vyote vilipanda vikining'inia. Waya mnene wa chuma ulitandazwa kutoka kituo cha chini, pale barabara ilipokata tamaa, hadi kituo cha juu, kijiji kilipoanzia. Katikati kulikuwa na korongo ambalo ukilichungulia tumbo linakuaga. Kreti ya chuma ilitembea kwenye waya huo, ikivutwa na injini ya dizeli. Binadamu hakuruhusiwa kupanda humo. Binadamu alikuwa na njia ya ngazi, saa nzima na nusu ya kuhema na kujuta.

Mpakiaji wa kituo cha chini alikuwa mwanamke fundi cherehani, ambaye alikuwa fundi bila cherehani tangu ile ya zamani ilipovunjika. Kila asubuhi alishuka, akaweka mizigo kwenye mizani, akampigia simu mwendesha injini wa kituo cha juu na kumtajia kilo. Mwendesha injini huyo alikuwa mdogo wa mumewe. Watu walimwita Dizeli, kwa kuwa alinukia hivyo hata siku aliyooa. Kutoka juu hakuweza kuona kilichopakiwa. Alichokuwa nacho ni neno la shemeji yake tu.

Ukutani, juu ya mizani, palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: DAWA HUPANDA PEKE YAKE. Watu wa kule waliiheshimu sheria ile kuliko nyingine zote. Kreti yenye dawa tupu ni nyepesi, na injini ikizimika njiani, watu wawili wanaweza kuivuta kwa kuzungusha mkono wa winchi, lile gurudumu linalokunja waya.

Sasa, wiki ile dizeli ilikuwa haba. Mizigo mizito ilisimamishwa. Na cherehani mpya ya mpakiaji, yenye miguu ya chuma, ilikuwa imekaa kituoni siku kumi na tisa chini ya turubai, huku sare za wanafunzi zikiwa zimekatwa na kulala kitandani kwake bila mshono hata mmoja. Kila siku aliifunua, akaipangusa vumbi, akaifunika kama mtoto mchanga.

Alhamisi saa nne, muuguzi wa zahanati ya bondeni akaleta kiboksi: pampu mbili za pumu na vidonge. Vilikuwa vya mama mkwe wa mpakiaji, mama yake Dizeli, ambaye pampu yake ilikuwa imeisha tangu jana yake.

Mpakiaji aliitazama kreti tupu. Akaitazama cherehani. Akajiambia waya huu umewahi kubeba kilo mia, hamsini ni nini? Akapakia.

"Shemeji, dawa za mama hizi hapa," alisema kwenye simu. "Kilo nane pamoja na kreti yenyewe."

"Peke yake?"

"Ala! Umeanza kunipima na mimi? Peke yake."

"Ningekupima wewe mizani ingeomba likizo," Dizeli alicheka. "Haya, naweka kikombe kimoja cha mafuta. Kilo nane haitaki zaidi."

Hapo ndipo mpakiaji alipoelewa: mafuta yangepimwa kwa kilo nane. Angeweza kusema. Lakini simu ilishakatwa, na kreti ikaanza kupanda, taratibu, ikiingia kwenye wingu. Akafunga kituo, akashika ngazi.

Alipofika kwenye bega la mlima, wingu lilipasuka kidogo, akaiona kreti. Imesimama tuli juu ya korongo. Mafuta ya kilo nane yalikuwa yameshindwa na kilo hamsini na sita.

Alizipanda ngazi zilizobaki bila kupumzika. Alitamani zisiishe.

Kituo cha juu kilijaa watu, na wote walikuwa wamemgeukia mtu mmoja.

"Dizeli kaishiwa na dizeli!" mwenye duka alipaza sauti. "Umeinywa wewe?"

"Mama yako mwenyewe anakoroma kifua kule nyumbani, na wewe hujui kupima kikombe?" mwanamke mmoja alidakia.

Dizeli alikuwa akiikagua injini tangu ilipozimika. Alikuwa amechuchumaa mbele ya injini, mikono myeusi, uso wa mtu aliyefanya hesabu mara tatu na haielewi. "Nimepima vizuri," alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Kilo nane. Nimepima vizuri." Akamwona shemeji yake. "Afadhali umekuja. Waambie."

Mpakiaji alifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa hiki: "Labda waya umelowa."

Aliona aibu kabla hata hajamaliza kusema.

"Umelowa au haujalowa, tunavuta kwa mkono," Dizeli akasema, akisimama. "Mwenye duka, njoo huku. Nafungua breki, tunazungusha mimi na wewe."

"Ongezeni watu," mpakiaji akasema haraka. "Hata wanane."

"Kwa kilo nane? Shemeji, hiyo hata jogoo anaivuta."

Watu wakacheka. Dizeli akaushika mkono wa winchi, mwenye duka akashika upande wa pili, na mpakiaji akaona kila kitu kama kimeshatokea: breki inafunguka, mzigo unarudi chini, ule mkono wa chuma unawaponyoka na kuzunguka kama panga, taya, meno, na kreti inaporomoka na dawa zake. Kidole cha Dizeli kilikuwa juu ya breki.

"Usifungue! Si kilo nane!"

Kidole kikabaki hapo hapo.

"Hamsini na sita," alisema. "Nimepakia cherehani yangu. Dizeli hajakosea. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Hakuna aliyemtukana. Angeona nafuu wangemtukana. Dizeli aliondoa mkono kwenye breki polepole, akautazama mkono huo, kisha akamtazama mwenye duka na taya lake, lililokuwa usawa wa ule mkono wa chuma.

"Leteni kamba," alisema. "Na watu kumi."

Ilichukua karibu saa moja. Mpakiaji alivuta nao, wa mwisho kwenye kamba, viganja vikichubuka, na kutoka nyumbani kwa mama mkwe, hatua chache tu kutoka pale, alisikia kile kifua kikipiga filimbi kila pumzi. Kreti ikatoka kwenye wingu. Miguu ya cherehani ilitangulia kuonekana, myeusi, inang'aa, mizuri. Dizeli alichomoa kiboksi kutoka katikati ya ile miguu, akampa shemeji yake.

"Peleka wewe."

Mama mkwe alikuwa ameketi wima kitandani, midomo imepauka, mikono imeng'ang'ania magoti. Alivuta pampu mara mbili, akangoja, akavuta tena. Filimbi ikapungua. Akakishika kiganja cha mkwewe, akaona damu.

"Mwanangu," alisema, "umenihangaikia hivi?"

Dizeli alisimama mlangoni. Alimwachia shemeji yake ajibu.

Mpakiaji akakitoa kiganja chake mkononi mwa mama yule, akasimulia yote, tangu turubai hadi breki. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho. Mpakiaji alipomaliza, mama akaomba maji. Akanywa. Akamrudishia kikombe bila kumwita mwanangu.

Nje, mpakiaji akamnyooshea Dizeli ufunguo wa kituo cha chini. "Tafuteni mwingine."

"Nani?" Dizeli akauliza. "Mwenye duka na goti lake bovu? Nani mwingine anazishuka ngazi hizi kila siku?" Hakuupokea. "Kesho kuna dawa za mtoto wa jirani. Saa moja uwe chini."

"Nitapima vizuri, shemeji. Nitakupigia..."

"Pakia tu," alisema, akifuta mikono yake kwa kitambaa. "Kilo atanitajia muuguzi."